Msaragambo wa Kunipumzisha

Sijapata kuchoka maishani kama nilivyochoka siku zile majirani waliponisaidia kupumzika.

Nasema hivi bila kumtukana mtu. Watu wa jengo letu la Furubakken, hapa Steinkjer, Norwe, ni wema mpaka wanakera. Ukianguka kwenye barafu, watatu watakuinua, wa nne atamwaga mchanga, wa tano ataitisha kikao cha kuujadili huo mchanga. Mimi mwenyewe nimo humohumo. Niliwahi kupaka rangi uzio ambao sikuwa hata najua kama ni wetu. Basi nisikilizeni kwanza, halafu mniambie kama ni mimi niliyekosa shukrani.

Jina langu ni Hildegunn. Nina MS, ule ugonjwa ambao askari wa mwili wanakosa adui, wanageuka kuguguna maganda ya mishipa ya fahamu. Ukinikuta dukani huoni kitu: mashavu mekundu, koti zuri, mkoba begani. Lakini uchovu wake si wa mtu aliyetoka shamba. Unaweza kukukuta umeshika kijiko, kijiko kikakushinda kukiinua, ukabaki unakitazama mpaka supu ipoe. Na ukisema umechoka, kila mtu anakujibu, "Hata mimi." Jibu hilo nimelisikia mpaka nimelichukia.

Mwaka huo nilikuwa na jambo moja tu moyoni. Binti yangu Tiril alikuwa anapata kipaimara mwezi wa tano, na kwetu kipaimara ni hotuba ya mzazi. Mama anasimama, anagonga glasi, anasema maneno yake, mashangazi wanalia, halafu keki zinaliwa. Nilitaka kusimama. Kucheza sikutaka, kuimba sikutaka. Nilitaka kusimama kwa miguu yangu mbele ya mwanangu na kumwambia maneno machache bila kuyapoteza katikati.

Baba yake, Roar, tuliachana zamani, naye anaishi Bodø na mke mwingine na mashua. Alinipigia simu theluji ikiwa bado imelala.

"Mama Tiril, nimefikiria," akasema. Roar akifikiria, lazima kuna mtu ataumia. "Wewe usijisumbue na hotuba. Nitasema mimi kwa niaba yetu wote wawili. Nimeshaandika, ina vina."

"Vina?"

"Beti ishirini na kitu. Kuna mmoja unakuhusu wewe, mzuri sana."

"Roar, anayesemewa ni marehemu. Mimi sijafa."

"Nani kasema umekufa? Nasema umechoka."

"Nitasema mwenyewe, tena nimesimama. Wewe na vina vyako mtanitangulia, halafu mtakaa chini."

Nikakata simu kwa kishindo, nikalala mpaka jioni. Kwa mtu kama mimi hata hasira ni kazi.

Muuguzi wangu ndiye aliyenielekeza kwenye programu ya mtandaoni ya watu wanaosumbuliwa na uchovu wa MS. Iliitwa Chaji Polepole. "Unahudhuria ukiwa nyumbani," akaniambia, "hata viatu huvai." Nikajiandikisha siku hiyohiyo.

Mkufunzi wetu alikuwa dada mwembamba aitwaye Synne, aliyekaa kwenye chumba cheupe chenye mmea mmoja, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayembembeleza paka atoke chini ya gari. Kwanza alitaka tujibu maswali. Umechoka kiasi gani asubuhi? Umechoka kiasi gani ukiifikiria asubuhi? Kuelekea mwisho nikaulizwa kama kujibu maswali kumenichosha. Nikajibu ndiyo. Likafunguka rundo jingine la maswali kuhusu uchovu wa kujibu maswali.

Halafu ikaja kwa posta bangili ya mpira, ya kuvaa mkononi usiku na mchana. "Kila mmoja wetu ana betri ndani yake," alisema Synne, na kweli, simu yangu ikaanza kunionyesha picha ya betri, nyekundu. Niseme haki, mafunzo yenyewe hayakuwa ya kijinga. Lala kabla hujaishiwa. Usiinuke kwa mkupuo, inuka kwa vituo. Nguvu ulizo nazo ziwekee lile unalolipenda, vyombo vitangoja.

Hayo ya kujilaza nilikuwa nayajua kabla ya Synne. Tiril alipokuwa mdogo, nikiishiwa nguvu jikoni nilikuwa najilaza palepale sakafuni, na ili mtoto asiogope, nikayageuza kuwa mchezo. Tunalala chali wote wawili, tunakuwa mawe, wa kwanza kuinuka ameshindwa. Nilikuwa bingwa. Yeye hakuweza kutulia kabisa, punde tu ameinuka, anasema ana kiu, anarudi na kikombe cha maji na kipande cha mkate wenye jibini ya kahawia, anasema, "Umeshinda tena, Mama." Nikawa nakula tuzo yangu nikiwa chali. Sasa alikuwa mkubwa, mchezo ulishakufa, na mlango wa chumba chake ulikuwa umefungwa muda mwingi.

Programu ilidai jina la mtu mmoja iliyemwita mlinzi wa pumziko, ambaye angepelekewa ujumbe kila betri yangu ikishuka. Tiril sikumweka. Nilishaapa kwamba mwanangu hatakuwa muuguzi wangu. Nikamweka Oddbjørn wa ghorofa ya chini, nahodha mstaafu wa feri, mwenyekiti wa jengo, mtu mwenye ufunguo wa akiba wa kila mlango. Hapo nikawa nimejipalia makaa.

Ujumbe wa kwanza ulimfikia nikiwa nakunja nguo. "Hildegunn anahitaji pumziko," simu ilimwambia. "Msaidie." Mtu wa kwingine labda angepiga simu kunijulia hali. Mwingine angepuuza. Lakini mwenyekiti wa jengo, kwetu, akiambiwa neno "msaidie" anajua jibu moja tu. Kesho yake tangazo lilikuwa limebandikwa kwenye mlango wa chumba cha kufulia: Msaragambo wa kumpumzisha Hildegunn, Jumamosi, kila mtu aje na soksi nene.

Nikamfuata.

"Oddbjørn, hii ni nini?"

"Msaragambo."

"Kusoma najua. Wa nini?"

"Wa pumziko lako, dada. Kidole kimoja hakivunji chawa. Paa tulilitengeneza pamoja, maegesho tukayatengeneza pamoja. Wewe utatushinda vipi?"

"Mimi si paa."

"Paa lilikuwa gumu zaidi," akasema, ili kunituliza.

Sasa, msaragambo una sheria moja ambayo haijaandikwa popote: anayefanyiwa kazi anatoa kahawa na vafle, zile keki bapa zenye umbo la moyo. Hakuna anayekulazimisha. Unaweza usitoe, kama vile unavyoweza kuhama mji. Kwa hiyo Jumamosi ile, majirani walipojaa mlangoni na soksi zao nene, wamekuja kuhakikisha sifanyi kazi, mimi nilikuwa nimesimama mbele ya chuma cha vafle tangu alfajiri, namimina, nafunga, nafungua, natoa mioyo ya unga mitanomitano.

Bi Gudny wa ghorofa ya tatu, mwanamke wa miaka themanini na ushei, alitafuna ya kwanza akiwa amefumba macho.

"Hujaweka iliki," akasema.

"Bi Gudny, nimechoka."

"Hata mimi. Lakini iliki naweka."

Walifanya kazi kwelikweli, siwezi kuwanyima hilo. Waling'oa kengele ya mlango. Walipaka mafuta bawaba zote za jengo. Walitandika zulia kwenye ngazi. Walikizungusha kitanda changu chumba kizima wakitafuta upande wenye utulivu, mwishowe wakakirudisha kilipokuwa, jasho likiwatoka. Halafu Oddbjørn akataka tufanye jaribio. Nikalala. Wakasimama mlangoni, wote, wamepangana wafupi mbele.

"Anapumzika?" mmoja akanong'ona.

"Macho yanacheza."

"Hildegunn, usicheze macho."

"Anakunja uso sasa."

"Mwacheni, mnamchosha!" akafoka Bi Gudny, kwa sauti iliyonirusha nikaketi.

Bangili ikatetema. Mfukoni mwa Oddbjørn simu ikalia. Akavaa miwani, akasoma, akavua miwani kama mtu aliyepokea habari za msiba.

"Imeshuka tena," akawaambia. "Jamani, hatujafanya vya kutosha. Itabidi tuweke zamu."

Ndivyo zilivyoanza zamu. Kila siku jirani mmoja alikaa sebuleni kwangu kulinda ukimya, na mtu haketi kwangu bila kahawa, na kahawa haiendi bila kitu cha kutafuna. Nikioka, betri inashuka. Betri ikishuka, Oddbjørn anaongeza mlinzi. Mlinzi akiongezeka, naongeza unga. Nikawa naagiza mayai ya trei. Nilijaribu siku moja kutotoa chochote, na mlinzi wa siku hiyo, mzee mpole wa ghorofa ya pili, alikaa amekunja mikono, anaitazama meza tupu kwa majonzi kiasi kwamba niliinuka mwenyewe nikawasha chuma.

Nikalileta suala hilo kwenye kikao cha video.

"Majirani zangu wananipumzisha," nikasema, "na wataniua."

"Asante kwa kutushirikisha," alisema Synne. "Tuvute pumzi juu ya hilo."

Tukavuta pumzi. Bwana mmoja wa Hammerfest, ambaye huwa tunaona paji la uso wake tu, akawasha sauti yake. "Samahani, dada," akasema. "Mimi jirani yangu wa karibu yuko ng'ambo ya fjord, bahari katikati. Hao wako, kama wamezidi, huwezi kuniazima wawili?"

Nilicheka, lakini si kwa furaha. Kufikia wakati huo jengo zima lilikuwa linatembea kwa soksi. Watoto waliruhusiwa kucheza mpira usiodunda. Mbwa wa ghorofa ya pili, aliyekuwa na tabia ya kubweka akimwona tarishi, alipelekwa kukaa Snåsa kwa dada yake Bi Gudny, na mimi niliona aibu kwa ajili ya mbwa yule kuliko kwa jambo jingine lolote. Hakuwa amenikosea.

Aliyeniuma zaidi ni Tiril. Walimfundisha kunong'ona. Alikuwa anavulia viatu nje, anapita sebuleni kwa ncha za vidole, anamwamkia mlinzi kwa kichwa, anaingia kwake. Wiki ziliyoyoma sijaisikia sauti yake. Jioni moja alisimama kwenye mlango wa chumba changu.

"Mama," akanong'ona. "Baba kapiga. Anasema hotuba anayo yeye. Mwache tu aseme. Usijichoshe kwa ajili yangu."

"Wewe unataka nani aseme?"

"Mimi sitaki mtu augue."

"Sijakuuliza hivyo."

Akainua mabega, akaenda zake. Nililala nikiwa na uchungu uliokuwa hauna mahali pa kukaa. Nilijiona mzigo kwa mwanangu, na sikuwa na nguvu hata ya kumfuata. Bawaba zilikuwa na mafuta mengi mno, hata mlango wake ukifungwa sikuusikia.

Kuanzia hapo nikaikariri hotuba kichwani, nimelala chali, maana kusimama nilikuwa nimepigwa marufuku na Oddbjørn na walinzi wake. Ilikuwa hotuba nzuri. Ilikuwa na mwanzo, ilikuwa na kichekesho, na mwishoni ilikuwa na sehemu ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nalia.

Siku ikafika. Kanisani nilikaa, nikasimama walipotusimamisha, nikakaa tena, na kila kusimama nilikuwa nakulipia. Tiril alikuwa amevaa vazi letu la asili la mkoa wa Trøndelag, sufu ya buluu na vifungo vya fedha vya marehemu bibi yake, vazi ambalo ukilikalia vibaya tu ukoo mzima unaguna. Alikuwa mzuri mpaka nikashikwa na woga.

Tulipoingia ukumbini, Oddbjørn, ambaye ndiye aliyekuwa mshereheshaji, alinishika kiwiko akanipandisha jukwaani, nyuma ya pazia. Nikakuta kitanda. Kitanda changu mimi, na shuka zangu, na mto wangu wenye doa la chai. Walikibeba wakati sisi tunaimba kanisani. Si ana ufunguo.

"Utapumzika hapa mpaka zamu yako ya kusema," akaninong'oneza, machozi yakimlengalenga kwa kuridhika. "Tumefikiria kila kitu."

Nilitaka kumng'ata. Lakini miguu ilikuwa imeshaanza kutetemeka, basi nikavua viatu nikajilaza na vazi langu la asili, vifungo vyake vya fedha vikinichoma kwapani. Pazia likafungwa.

Kimya kingi kina mshindo, na mshindo huo niliusikia wote. Watu sitini walikuwa wanakula kwa vijiko vya mbao. Mikate mikavu iliondolewa mezani kwa sababu inalia ikivunjwa. Hakuna aliyesogeza kiti. Nilichosikia ni watu sitini wanameza supu kwa tahadhari, mara hapa, mara kule, na hakuna binadamu aliyezaliwa anayeweza kulala usingizi katika sauti hiyo. Bangili ilikuwa inatetema bila kukoma.

Ikaja zamu ya Roar. Maskini, naye aliambiwa anong'one. Beti ishirini na kitu, zote kwa kunong'ona. Meza ya mbele waliambulia vina, meza za nyuma wakaambulia upepo.

"Sauti!" mjomba mmoja alipiga kelele kutoka nyuma.

"Shh!" wakamjibu watu sitini.

Kwa mara ya kwanza tangu tuachane nilimwonea Roar huruma. Ubeti unaonihusu nao ulipita, sijui ulisemaje. Alipomaliza, hawakupiga makofi; walipunga leso za mezani hewani. Niliziona kwenye mwanya wa pazia, nyeupe, zinapepea, na mtu mzima Roar anainamisha kichwa kuzishukuru.

Pazia likafunguliwa. Nikaketi kitandani. Sura sitini zikanitazama, na katikati yao Tiril, mikono imekaa mapajani, uso hausemi kitu.

Nikaiambia miguu isimame. Mwenye ugonjwa wetu ataelewa: miguu unaiona, ni yako, soksi ni zako, lakini unaisalimu haiitikii. Basi nikasema moyoni, nitasema nimekaa, nitasimama mwishoni. Nikafungua kinywa.

"Mpendwa Tiril," nikasema.

Na hapo hotuba yote ikaondoka. Mwanzo, kichekesho, ile sehemu ya kulia, vyote.

"Mpendwa Tiril," nikarudia.

Roar akainuka nusu. "Nisome hata ule ubeti wako?"

"Kaa chini, Roar!"

Simu ya Oddbjørn ikalia mfukoni mwake. Akaisoma, akanijia taratibu kwenye zulia alilotandika jukwaani, akaweka mkono begani kwangu. "Basi, dada," akasema. "Inatosha. Umejaribu."

Nimewahi kutukanwa, lakini hakuna tusi lililonichoma kama "umejaribu" ile. Nikaanguka kwenye mto. Pazia likaanza kujifunga, na mimi nikawaza kwamba nimeshindwa, na kwamba Tiril atakumbuka siku yake kwa picha ya mama aliyefungiwa pazia.

Kabla halijafungwa, mtu alipenya chini yake. Ilikuwa ni Tiril.

"Sogea," akasema.

Akapanda kitandani na vazi lake lote, na viatu, akajilaza chali ubavuni pangu, sufu ikajikunja chini yake. "Vazi!" shangazi mmoja alipiga yowe kule chini. Hiyo ndiyo ilikuwa kelele ya kwanza ya kweli siku ile, na baada yake pazia likabaki nusu, kwa sababu aliyekuwa anavuta kamba alisahau.

"Tucheze jiwe," Tiril akasema. Hakunong'ona. Ilikuwa ni sauti yake yenyewe, na nilishangaa ilivyokuwa imekua. "Wa kwanza kuinuka ameshindwa."

"Utashindwa tu. Hujawahi kunishinda hata mara moja."

"Mama. Kwani unadhani nilikuwa nashindwa kweli?"

Nikamgeuzia kichwa.

"Ulikuwa unahitaji maji. Nisingeinuka mimi, ungeinuka wewe ukayafuate. Sasa ningefanyaje?"

"Ulikuwa na miaka sita."

"Nilikuwa na miaka sita, sikuwa mjinga."

Nikatazama taa za jukwaa mpaka zikawa nyingi. Mimi ndiye niliyeapa kwamba mtoto huyu hatakuwa muuguzi wangu, na kumbe kazi aliianza akiwa hajaota meno ya mbele, kwa maji na jibini ya kahawia, akanipa na ubingwa juu. Nililia wazi, bila kujifuta.

"Sasa mbona ulisema baba ndiye aseme?"

"Kila mtu kwenye ngazi ananiambia nikikuchosha utaanguka. Sikutaka uanguke kwa ajili yangu." Akanigeuzia macho. "Lakini nilikuwa nakutaka wewe. Umemsikia baba? Amelinganisha kipaimara na kivuko cha mashua."

Tukacheka, tumelala, matumbo yanatikisika. Chini, keki zililetwa. Sasa, mwenye sherehe ndiye anayekata ya kwanza. Kabla hajakata, hakuna anayegusa, hata awe anakufa njaa. Oddbjørn akachungulia.

"Tiril, mwanangu, keki."

"Siinuki."

"Krimu inalegea."

"Na ilegee. Nikiinuka nimeshindwa."

Bi Gudny akapanda mwenyewe, na fimbo yake. "Binti, kahawa inapoa."

"Samahani, Bi Gudny. Siinuki."

"Roar, sema na mtoto wako!" mtu akalia kutoka mezani.

"Tiril, inuka basi," akasema Roar, bado kwa kunong'ona, hakuna aliyekuwa amemwambia imetosha.

Tiril hakutikisika. Nzi alimtua kwenye paji la uso, hakumfukuza. Nilimtazama ubavu kwa ubavu, kidevu amekiinua, midomo ameibana, na nikaona kwamba safari hii hana nia ya kuniachia. Hapo nikajua la kufanya.

Nikageuka ubavu, kama Synne alivyotufundisha. Kituo. Nikashusha mguu mmoja. Kituo. Nikashusha wa pili, nikaukanda mpaka ukaamka. Oddbjørn akanirukia kunishika.

"Mwache," Tiril akamwambia, bila kuinua kichwa.

Akaniacha. Nikashika pazia kwa mikono miwili, nikajivuta, nikapumzika nikiwa nimeinama, nikajivuta tena. Sijui ilichukua muda gani. Walioko mezani walisubiri, macho kwangu, krimu ikishuka kwenye sahani. Nikasimama.

"Nimeinuka wa kwanza," nikasema kwa sauti yangu yote. "Tuna mchezo wetu na mwanangu, anayeinuka kwanza ameshindwa. Nilimshinda miaka yote, na leo ndiyo nimejua kwamba alikuwa ananiachia ili nipate maji. Basi leo nimeshindwa mimi, kihalali, mbele yenu nyote. Tiril, umeshinda. Hongera, mwanangu."

Hiyo ndiyo ilikuwa hotuba yangu, hakuna nyingine.

Leso zikaanza kupepea.

"Wekeni chini hayo matambara!" nikafoka. "Pigeni makofi! Mimi nimechoka, sijafa!"

Wakamtazama Oddbjørn. Ni watu wa utaratibu. Oddbjørn akaitoa simu yake inayolia, akaitazama, akaizima. Halafu akapiga makofi, ya viganja vya nahodha, pa, pa, pa, na ukumbi ukalipuka. Watu waligonga meza, walipiga miluzi, yule mjomba wa nyuma alilia "Sauti!" kwa furaha, na Roar akaanza tena beti zake kuanzia wa kwanza, kwa kupaza sauti, hakuna aliyemsikia.

Tiril alikuwa bado amelala chali, vazi limekunjamana, anacheka mpaka vifungo vinagongana.

"Mama," akasema. "Nina kiu."

Nikashuka ngazi za jukwaa nikishikilia ukuta, kituo kwa kituo, kwenda kumletea mshindi maji na kipande cha mkate wenye jibini ya kahawia. Ilinichukua muda. Walioingoja keki waliendelea kuingoja.